Nyuma ya Lupango

Mujikulu wangu Sylvain,

Jambo sana kutoka huku Panda. Mugongo unaniacha nitembee kidogo. Dada yako alizaa mutoto mwanaume. Iko na masikio yako.

Unaandika kama, tangu mafuriko, bantu banasema mubaya service yenu ya secours, ile ya kusaidia bantu mu hatari, ku radio. Unaniuliza kama weye, mukubwa wa kazi, unapashwa kubajibu ao kunyamaza. Sijue. Lakini minye nakumbuka kitu.

Nilikuwa kijana wakati upepo ulibeba mabati ya kampi yetu. Shefu wa secours alikuja na liste ya bureau: bashi moja ya kufunika nyumba kwa kila namba ya mulango. Mama na minye tulikuwa tunapanga chumba nyuma ya lupango, kiwanja ya nyumba ya bantu bengine. Chumba ile haikuwa na namba. Mama akapaza sauti mbele ya bote: «Shefu, mvua haisomake namba!»

Polisi mumoja mwenye alikuja naye akasogea karibu na mama. Shefu akamuzuia kwa mukono, akaangalia liste, akaangalia mama. Akauliza polepole: «Kuko bantu nyuma?»

Mpaka leo najiuliza: miaka yote alipita mu njia yetu, hakuonaka moshi ya mbabula zetu za kupikia? Mama akamupeleka kule nyuma. Alirudi na matope mpaka magoti, akaandika majina ya bantu ba nyuma upande wa pili wa ile liste mpaka ikajaa.

Sasa Sylvain, uniambie: bale banakusema ku radio banaikala wapi? Uliisha kufika kwabo?

Kambo yako,
Mama Béatrice