Lori Lililotolewa Sadaka

Jumatano, 14 Juni 1972. Ilomba.
Mgongo unauma. Siku nzima chini ya lori la Kampuni, mali pekee ya wanahisa wake watano. Mwaka wa pili huu nalitengeneza bure — hawakuwa na mshahara wa kunipa, wakanipa haki: mavuno ya mwaka huu yakishaingia, ninunue hisa kumi kwa bei ya mwanzo. Lori sasa linakwenda Iringa na kurudi na nyanya za Ilula. Hisa hizo ni nyumba ya bati.

Mkataba niliukazania mwenyewe. Wakizikata hisa mbili mbili, zangu ziwe ishirini. Wakijigawia mpya za bure, haki yangu ikue. Lori likiuzwa, nipewe fungu langu kwanza. Joachim, mwenyekiti wa Kampuni, alisema fundi anafunga nati hadi kwenye karatasi. Acha acheke.

Jumapili, 25 Juni.
Sikukuu ya mavuno. Ndizi, viazi, jogoo wa Mama Roza — vyote madhabahuni, halafu mnada nje kama kawaida. Mimi kwenye kwaya, besi. Joachim akaja mbele na wanahisa wenzake wanne, akaweka ufunguo wa lori kapuni. Kampuni inamtolea Mungu, akasema. Vigelegele. Tukaimba. Nami niliimba!

Mnadani ufunguo ulikuja baada ya jogoo. Joachim akataja bei ya ng'ombe wawili. Wale wanne wakatazama viatu vyao. Washarika wengine waliona aibu kushindana na mtu juu ya sadaka yake. Ukawa wake. Mke wangu Damari anasema hao watano wamekwisha kupatana pembeni, lori ni lao wote.

Kuuza niliandika. Kumtolea Mungu sikuandika. Nani angeandika? Sina hata nguvu ya kukasirika.

Jumanne, 27 Juni. Iringa.
Vumbi la basi hadi masikioni. Wakili Philbert anasema haki yangu haijaguswa. Hisa kumi nitauziwa — za kampuni isiyo na lori. Kushtaki inawezekana, ila niseme mbele ya hakimu kwamba sadaka ile ilikuwa hila, na mchungaji aitwe shahidi. Nimeomba nikafikiri kwanza.

Ijumaa, 30 Juni. Ilomba.
Damari hataki kesi. Baba Yotamu, anasema, mchungaji aliyembatiza mwanao utamsimamisha kizimbani?

Sasa hivi Joachim yuko mlangoni. Lori limegoma hapo kona, limejaa nyanya. Giaboksi. Ananiita ndugu yangu katika Bwana. Niende upesi, anasema, nyanya zinaoza, malipo tutazungumza baadaye. Ile giaboksi niliiunga kwa vipande vya magari matatu, hakuna mwingine anayeijua. Damari amekwisha kuleta kisanduku cha spana, amekiweka karibu na mguu wangu.

Nimemwambia Joachim asubiri, kuna kitu naandika. Anauliza ni nini. Mkataba wa giaboksi, nimemjibu. Amevuta kigoda, amekaa.