Minji za Akinyi

Makadara, Nairobi
Jumatano

Mpenzi Mama Kiarie,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa majirani uliowaacha. Hamjambo huko Ol Kalou? Mgongo wa mzee unaendeleaje, na baridi ya huko mmeizoea? Sisi tupo, Mungu ni mwema. Ningekupigia simu, lakini kuta za hapa unazijua: ukipiga chafya, nyumba ya pili wanakuambia pole. Na haya si ya kusikika.

Najua umeambiwa kwamba Caleb wangu ameweka mwanamke ndani ya nyumba, aitwaye Akinyi. Akinyi yupo, dada yangu. Ni samaki.

Tangu astaafu kazi ya reli, Caleb alikuwa akikaa kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Binti yetu Jacklyne akamletea tangi la kioo na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, apate cha kutazama. Kwa kuwa aliletwa asubuhi, Caleb akamwita Akinyi, kama Wajaluo wanavyomwita msichana aliyezaliwa asubuhi. Akampenda sana, na mapenzi yake yakawa chapati. Kila akila, Akinyi naye anarushiwa kipande. Wiki jana samaki akavimba tumbo, akapinduka, akaelea kama kikombe kwenye karai. Nilikwenda kuchukua mwiko nimtoe nikamtupe, Caleb akanishika mkono akasema bado anapumua.

Alikimbia kwa muuza samaki wa mapambo, akaelezwa kuwa ugonjwa huo ni wa kawaida: akivimbiwa, samaki wa aina hiyo hushindwa kujisawazisha majini. Akae bila chakula siku mbili tatu, kisha apewe minji, njegere hizi hizi za kijani, zilizochemshwa, zikamenywa maganda na kupondwa, kidogo kidogo. Mama Kiarie, mwanamume yule hajawahi kumenya hata kitunguu!

Sasa, kwenye nyumba yako ya zamani aliingia mama mmoja, Clare, tunasali naye. Jumamosi mimi nikiwa sokoni, akasikia kupitia ukutani sauti ya Caleb ikibembeleza. Akina mama wa kanisa wakanifuata mpaka kwa muuza mboga za sukuma, wakanishika mikono, wakaniambia nijikaze, mume wangu yuko ndani na mwanamke, anamwita malkia.

Ungedhani ningekumbuka samaki. Sikukumbuka. Caleb hakuwahi kuniita malkia hata siku ya harusi, ningewezaje kufikiri kwamba neno hilo analo? Nililia njia nzima, nyanya zikaniponyoka barabarani.

Tulisukuma mlango. Caleb alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, kipande cha minji kwenye ncha ya kijiti cha meno. Alikuwa akisema, “Fungua mdomo, malkia wangu. Kidogo tu. Usiniache.”

Clare akauliza, “Yuko wapi huyo mwanamke?”

Caleb hakugeuka hata kidogo. “Fungeni mlango,” akasema, “mgonjwa anaogopa upepo.”

Wakafunga. Wakaketi. Chai ikapikwa. Akinyi akala, na baadaye jioni hiyo, samahani kwa kukuandikia haya, akajisaidia, uzi mrefu wa kijani. Taratibu akageuka, tumbo likarudi chini, akaogelea. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mtaa ukatoka nje.

Walipoondoka nilimuuliza Caleb maneno yale matamu yalikuwa wapi miaka yote hii. Alifuta mkono kwa kitambaa. Kisha akasema hakujua kama nayataka, kwa kuwa mimi sijawahi kuugua.

Sasa nakupa siri, na isitoke hapo. Jumapili nilishikwa na mafua. Caleb akanipikia supu, akanifunika blanketi, akaketi kando ya kitanda akaniambia, “Kunywa kidogo, malkia wangu.” Mama Kiarie, mafua yenyewe yaliisha juzi. Sijamwambia. Ninakohoa kidogo kila akipita mlangoni, na leo ameniahidi kuku.

Namsikia akifunua sufuria, kwa hiyo niishie hapa nijifunike. Wasalimie wote, mzee na watoto, na ubarikiwe katika kazi za mikono yako. Tuombeane uzima, lakini mimi usiniombee haraka sana.

Ni mimi rafiki yako, niliye kitandani,
Roseline