Kitambaa cha Mama Vero na Kompyuta ya Parokia

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefagia. Nimepangusa meza. Nimekunja kitambaa cha Mama Vero kinachofunika kompyuta, upande wa mbele tu, kama kila asubuhi, nikabonyeza kitufe. Taa ya sanduku imewaka. Skrini nyeusi.

Nimezima, nimewasha. Nyeusi. Nimekaza waya wa umeme, nimekaza waya wa skrini, nimebonyeza vitufe vyote vya mwanga. Taa ndogo ya skrini ni ya rangi ya chungwa, na siku zote huwa ya buluu. Ndani ya sanduku kuna mlio mmoja mrefu, kisha kimya, kisha mlio mrefu tena. Sijui unasema nini.

Tangu mwezi uliopita ilikuwa ikijizima yenyewe kila ikifika saa sita mchana. Nikalaumu umeme. Umeme wetu haukosi lawama hata siku ambayo hauna kosa.

Naandika jambo lenyewe bila kuzunguka. Jumamosi wenye mgodi wanahamisha makaburi ya parokia, kwa sababu shimo linapanuka. Maiti anayejulikana atapewa kaburi jipya na jina lake. Wasiojulikana watazikwa pamoja katika shimo moja. Misalaba ya mbao haipo tena. Mingine ililiwa na mchwa, mingine ikawa kuni za watu. Kilichobaki ni orodha: jina, mstari, namba. Na orodha imo ndani ya sanduku hili tu.

Kitabu cha karatasi kilikuwepo. Mimi Odette, karani wa parokia, nilikinakili chote kwa kompyuta, nikajisifu, nikakitupa chini ya kabati. Mchwa wakakimaliza. Usiache mbachao kwa msala upitao, marehemu mama yangu alisema hivyo mara ngapi? Sikumsikia.

Sijamwambia padri. Naogopa.

Saa tisa amekuja Tata Kazadi, mzee aliyefanya kazi ya reli, na fimbo yake. Mama Vero alikuwa mke wake. Mama alipokufa, miaka tisa iliyopita, Tata alikuwa hospitali Lubudi, mguu umevunjika, akazikiwa mke na watu wengine. Baadaye alionyeshwa msalaba. Sasa msalaba hakuna, na malori yamesawazisha ardhi yote ile.

Ameuliza: "Mama Odette, bibi yangu iko?"

Nimejibu iko, tata, iko ndani ya mashini. Sikusema uongo. Sikusema kweli pia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeazima skrini ya shule ya msingi. Nimeibeba kichwani, barabara nzima ya Musonoi, watoto wananiuliza kama ni televisheni. Nimeiunganisha. Nyeusi. Nimebadilisha na waya. Nyeusi. Kwa hiyo skrini yetu haina hatia. Ugonjwa uko ndani ya sanduku.

Skrini ya shule nimeirudisha. Shingo inauma.

Nimemwambia padri. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kuna nakala mahali pengine. Hakuna. Klé tuliyo nayo, ile ya kuchomeka pembeni, nimeijaza nyimbo za kwaya. Padri alifunga dirisha, akaenda kanisani. Afadhali angepiga kelele.

Familia nne zimekuja kuuliza mistari ya watu wao. Nimewaambia Ijumaa. Ijumaa nitawaambia nini?

Tata Kazadi alikaa kwenye benchi hadi nilipofunga mlango.

Jumatano, 10 Septemba

Siku kubwa.

Nimemwita Solange, yule mama anayetengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Nilidhani atakuja na mashine za kupimia. Amekuja na bisibisi, brashi ya kupaka rangi, na gomu ya kufutia ya mwanafunzi, ile ya pinki. Nikasema kimoyomoyo, tumekwisha.

Hakunisalimia sana. Aliwasha, akainamisha sikio juu ya sanduku kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu. Akatikisa kichwa, akang'oa waya wote, akafungua ubavu wa sanduku kwa skrubu mbili tu. Miaka kumi nimekaa mbele ya kitu hiki na sikujua kwamba kina mlango.

Ndani kulikuwa kwekundu. Vumbi la shimo, lile lile ninalopangusa mezani kila siku, limejaa humo kama unga katika kinu. Feni haikuonekana. Solange alisukuma vumbi kwa brashi, polepole, na chini yake vitu vikaanza kutokea. Mji mzima. Barabara nyembamba za rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko uzi, zote zinajua zinakokwenda. Nyumba ndogo nyeusi zimepangwa kwa mistari. Chini ya feni kuna kipande cha shaba kinachong'aa. Vumbi la shimo limekuja kulala juu ya shaba iliyotoka shimoni. Nilisimama mdomo wazi. Nimezaliwa Kolwezi, nimekula kwa shaba, baba alistaafu kwa shaba, na sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilitaka kupiga magoti. Nilijizuia kwa sababu ya Solange.

Kisha aliinua kitambaa cha Mama Vero. Akakigeuza. Akaniuliza nani ameshona hii bitambaa ingine kwa ndani.

Ni mimi. Kompyuta ilipofika, Mama Vero aliifumia kitambaa cheupe, maua na matundu, kama alivyofuma cha altare, cha redio ya padri, na cha nusu ya nyumba za cité yetu, mtaa huu. Mwaka uliofuata akafa. Mimi nikaona matundu yanapitisha vumbi. Nikashonea bitana nzito kwa ndani, nikaifunika mashine juu, nyuma na pembeni, hata ikiwa inafanya kazi. Nilikuwa najisifu kwa wageni. Hakuna kompyuta safi kama yangu.

Solange alisema: "Mama, shi benyewe njo tulimufunga pua. Vumbi iliingia paka vile, mupepo njo haikutoka."

Kwa hiyo sisi wenyewe tuliiziba pua, joto halikutoka, na ilikuwa ikijizima mchana ili isiungue. Na mimi kila mara niliiwasha tena kwa nguvu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimelia kweli, mbele ya mtu.

"Usinililie, mama. Iko naumwa, haiyakufa."

Alichomoa vibao viwili virefu vya memori. Meno yake ya chini yamefifia. Akayasugua kwa gomu, taratibu, kama anavyofuta mtoto hesabu iliyokosewa, hadi yakang'aa. Akavirudisha vikalia tik, tik. Akawasha.

Mlio mfupi mmoja. Taa ya skrini ikageuka buluu. Maandishi meupe yakapita juu ya weusi. Nimepiga kigelegele, ofisini, mbele ya Solange.

Gomu ya mtoto! Bado siamini.

Furaha haikudumu dakika tatu. Mashine yetu ni nzito kuamka, na kabla haijafika kwenye picha ya mwanzo imezimika. Solange amegusa ile shaba akaondoa kidole haraka. Feni imekufa, haizunguki hata ukiisukuma. Amenikataza nisibonyeze tena. Kila moto mwingine unaweza kuiua kabisa. Atatafuta feni.

Kitambaa nimekiweka kwenye droo. Sitaki kukiona.

Alhamisi, 11 Septemba

Hakuna umeme. Hakuna feni. Solange amezunguka soko zima, ametuma ujumbe hadi Fungurume.

Wapima ardhi wamepita makaburini na chokaa. Wameandika alama nyeupe chini. Kelele za magari tangu asubuhi.

Leo nimemwambia Tata Kazadi ukweli wote. Kitabu, mchwa, bitana, feni. Nilitegemea anitemee mate. Alizungusha fimbo, akasema mke wake pia alikuwa hapendi kufunikwa. Usiku wa joto alitupa shuka chini.

Kisha akasema: "Mi nilikosa kumuzika. Sasa bakimutia na bantu ya bule, nitamuambia nini kule?"

Watu wa bure ni wale wa shimo moja, wasio na majina. Nimempa chai. Nimejichukia mchana kutwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Solange amefika saa nne na feni mkononi, imefungwa katika gazeti. Ameitoa kwenye mashine iliyokufa ya dada mmoja anayeuza vifaa vya shule. Mabawa yake yana vumbi la miaka, ameyasafisha kwa brashi. Umeme bado. Tukakaa, yeye, mimi, Tata Kazadi na familia sita. Mama mmoja alisali rozari kwa sauti ya chini na wengine wakaitikia bila kupanga.

Saa tisa balbu ya ukumbi ikawaka.

Solange alikwishafuta dawa kavu ya kupitisha joto chini ya shaba na kupaka mpya, tone dogo kama dawa ya meno ya mtoto mdogo. Amefunga feni. Ameacha ubavu wa sanduku wazi. Akanitazama mimi. Nibonyeze mimi, alitaka hivyo.

Nikabonyeza. Mlio mfupi. Buluu. Feni ikaanza, kwanza ikasitasita, halafu ikazunguka hadi mabawa yakapotea machoni. Tulisubiri. Dakika tatu zikapita. Dakika tano. Picha ya mwanzo ikaja, ile ya ua la manjano ambayo nimeichoka miaka yote. Leo nimeiona kama uso wa ndugu aliyerudi safari.

Faili likafunguka.

Majina. Yote. Hakuna hata herufi iliyoungua. Siku nne za giza, moto na vumbi, na humo ndani wafu walikaa kila mmoja kwenye mstari wake, wametulia, wakingoja kuitwa. Sijui maneno ya jambo hili. Nimeingia kanisani maisha yangu yote na sijawahi kunyamaza namna ile.

Kwanza Solange alinilazimisha kunakili. Klé yake, klé yetu, nyimbo za kwaya zitasamehe. Kisha tukachapa. Kisha nikatafuta herufi V.

Véronique, mke wa Kazadi. Mstari wa saba, kaburi la kumi na moja, kuhesabu toka upande wa reli. Na kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo, maneno ambayo niliyanakili mwenyewe na nikayasahau kabisa: amezikwa na sindano yake ya kufumia.

Nilimsomea Tata kwa sauti. Alivua kofia.

Jioni, kabla jua halijazama, nimetoa kitambaa kwenye droo. Nimefumua bitana yangu, uzi baada ya uzi. Nimekifua mara nne. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu kama udongo wa njia ya Musonoi. Ya nne yalikuwa maji tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Tulikuwa pale saa moja asubuhi. Wafanyakazi wenye glavu, padri, watu wengi. Mimi na karatasi zangu. Nilitembea toka upande wa reli nikihesabu kwa hatua, na nilipofika kwenye mstari wa saba nilisoma karatasi tena. Ardhi ile haina alama ya kaburi hata moja. Tambarare kabisa, nyayo za matairi juu yake. Nilisimama mahali ambapo karatasi ilisema. Nilisema hapa. Niliogopa kuliko siku niliyozaa.

Walichimba polepole. Mwanzo udongo mtupu. Udongo tena. Tata Kazadi alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua kwamba ameushika.

Kisha mbao zilizooza. Kisha yeye.

Na karibu na mifupa ya mkono wa kuume, sindano ya kufumia, ya alumini, na ndoano yake ndogo mwishoni. Nyeupe. Haina kutu. Mfanyakazi aliifuta kwa kidole kimoja na kuinyanyua juu, na watu wote waliokuwa karibu wakashusha sauti, hata mashine ya kuchimba ya upande wa pili nadhani ilinyamaza, au ni mimi sikuisikia.

Tata alithibitisha kwa maneno mawili tu: "Njo yeye."

Kila familia ilileta kitambaa kipya cha kufungia mifupa. Tata alileta shuka la dukani, bado lina mikunjo. Nilimpa kitambaa cha Mama Vero. Alikitambua kabla sijakikunjua. Alipitisha vidole kwenye matundu, moja moja, akanipa shuka lake.

Tumemfunga ndani ya maua yake mwenyewe. Upepo ulikuwa ukipita ndani ya matundu.

Waliofuata walipatikana karibu wote. Wawili hapana, karatasi ilikosea au mimi nilikosea kunakili. Nimewaombea. Inaniuma na itaendelea kuniuma.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nimepita ofisini. Kumekucha na vumbi kama kawaida. Kompyuta iko uchi juu ya meza. Inaonekana ndogo.

Nimepangusa juu yake kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, upande wa feni nimetumia brashi, Solange ameniachia ile yake. Nimewasha. Buluu. Nimeweka kiganja nyuma ya sanduku. Pumzi ya uvuguvugu inatoka, haikomi. Nimekaa nayo hivyo kwa muda.

Nimefungua orodha. Kwenye jina la Mama Vero nimefuta mstari wa saba, nimeandika mahali papya: makaburi mapya, mstari wa pili, kaburi la tano. Kwenye maelezo nimeacha ya sindano, nikaongeza: na kitambaa chake.

Nimehifadhi. Nimenakili kwenye klé zote mbili. Kisha nimetoa daftari jipya, kubwa, la jalada gumu, nimechonga penseli, nimeanza kuandika majina kwa mkono, toka herufi A.