Matundu ya Hewa Nyumbani kwa Hester

Hexham, 9 Novemba 1996

Binti yangu Hester,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwenye ngazi. Mtoto ameacha kukohoa?

Unasema kile chumba cha nyuma nilichowaongezea kina baridi. Lazima, sakafu ni ya mbao na chini unapita upepo. Zing'oeni mbao, pangeni sufi ya kuzuia baridi katikati ya maboriti, ishikiliwe na wavu kwa chini, kisha mbao zirudi. Matundu ya hewa ukutani msiyaguse. Upepo ule ndio unaokausha maboriti.

Kazi hiyo asipewe mumeo. Rupert anashika nyundo kama kijiko cha chai.

Baba yako

York, 1 Desemba 1996

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, kikohozi kimekwisha. Rupert amemaliza kazi kwa Jumamosi moja: ameyaziba matundu ya upande wa kichochoro kwa povu la kopo, lile linalovimba na kuganda. Chumba kina joto hadi mtoto anavua soksi. Nilipomsomea barua yako alicheka, akasema, "Mzee wako anataka tuwapashe moto minyoo."

Nakuomba, mara moja tu, umsifu.

Binti yako

Hexham, 6 Desemba 1996

Hester,

Hujambo. Mimi sijambo. Nimsifu kwa lipi, kwa kuziba tundu? Hata panya ana akili ya kuacha pa kupitisha hewa. Mtaniita sakafu ikioza.

Baba

York, 14 Machi 1999

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepoa. Najua Krismasi tatu zimepita bila neno. Jana kiti kilizama sakafuni. Mbao zimelainika kama keki, chini zimeota ukungu mweupe. Rupert mwenyewe kasema, "Mwite baba yako." Njoo.

Binti yako

Hexham, 2 Aprili 1999

Mwanangu Hester,

Nimefika nyumbani salama, mgongo tu unauma. Siku sita zile za kutengeneza sakafu yenu nilimsema Rupert mbele yako na mbele ya mtoto, naye akanishikia taa.

Sasa sikia. Maboriti yaliyooza kabisa hayakuwa upande wa povu lake. Yalikuwa upande wa bustani, ambako mimi nilimwaga zege la baraza mwaka mliooana, likafunika matundu matatu. Niliyaona siku ya pili. Nikayafungua kwa patasi Rupert akiwa kazini, nikanyamaza.

Mwambie wewe. Mimi ulimi umegoma.

Baba yako

York, 8 Aprili 1999

Shikamoo Baba, pole na mgongo.

Chumba kikavu, na sufi yako inashika joto. Nilimwambia. Alikuwa anamenya viazi, hata hakugeuka.

"Najua," akasema. "Niliona zege siku ya kwanza ya matengenezo, nilipotambaa kule chini na taa."

"Mbona ulikubali kutukanwa siku zote hizo?"

"Ana miaka sabini na nne, hana kingine ila ufundi wake. Mwache."

Ningependa kukuambia ni wema, Baba. Lakini alisema kama anayemzungumzia mbwa wa jirani.

Binti yako