Chokaa Juu ya Ukuta Mbichi

Gando, Mfunguo Sita 1356

Kwa kaka yangu Suud,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja, wewe na kanzu zako zilizopigwa pasi. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Mama anakula, anasali, na jina lako halitaji.

Umeuliza nyumba imependeza vipi. Masika, mto ulipopanda ukatuingia hadi vyumbani, jirani yetu wa kilimani, Mwatum, alikuja na wenzake. Wakasema udongo wa ukutani ubanduliwe wote, fito zipigwe upepo zikauke, kisha watu wakusanyike waukandike upya, kama ifanywavyo kila nyumba ya bondeni. Hawakutaka ila kupikiwa wali. Lakini wewe, bwana mkubwa, ukaagiza kuwa wakwe zako wanakuja kutazama asili yako, na ni aibu wakute nyumba uchi na Wapemba wa miguu ya tope wamejaa barazani. Ukasema tupake chokaa. Kana kwamba maji yana haya, yakiona weupe yataondoka.

Nikakuandikia kwamba ukuta bado unatoka jasho. Ukajibu kuwa mwanamke hajui ujenzi. Wewe unaujua sana! Tangu utotoni hujashika tope hata la kuchezea. Basi nikawarudisha watu kwa amri yako. Nyumba ikang'aa, ikafanana nawe: nje udi, ndani uvundo.

Ijumaa iliyopita, mama ametoka kutia udhu, ukuta wa chumbani kwake ukaangukia kitanda. Fito zilikuwa zimeoza, unazivunja kwa vidole. Angelala kidogo tu zaidi, leo ungesoma tanzia. Waliokuja mbio ni wale wale wa miguu ya tope.

Sasa lililobaki, ambalo mama kanikataza kukuficha. Nyumba haipo. Tumeibomoa. Boriti zilizopona mama kampa Mwatum, naye kamjengea chumba huku juu kwake, mbali na mto. Watu walikikandika, na mama, aliyezoea kushikiwa birika, alitia mikono topeni akicheka. Amesema ukija na wakwe zako, wapeleke bondeni ukawaoneshe chokaa; vipande viko vingi. Ukija peke yako, njoo na nguo ya kazi. Chumba changu bado hakijakandikwa.

Nisalimie wifi yangu, yeye hana kosa. Mama hakukutumia salamu, nami sikumwomba.

Nduguyo,
Badriya