Baba, Umekula?

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika mara mbili. Saluni ya chini wakiwasha mashine zao zote za kukaushia nywele, sisi huku juu tunabaki kutazamana. Bosi Mdogo (mdogo kwa kimo, si kwa cheo) ameshuka kuwaomba wapunguze. Kakawia huko, karudi amesukwa nusu kichwa! Anasema ndivyo mazungumzo yalivyokwenda. Nusu iliyobaki ni kesho.

Naipenda ofisi hii. Vyumba viwili, viti tulivyopewa na saluni, vingine bado vinanuka dawa ya nywele. Tuko wanne. Bosi Mdogo, Fundi anayeandika programu, Bwana Tai anayetafuta wateja na havui tai yake hata jua likiwaka vipi, na mimi. Kazi yangu ni kujaribu kila kitu kabla hakijamharibikia mtu, halafu kupokea simu. Mfumo wetu unawakumbusha wagonjwa wa zahanati kumeza dawa. Meseji inaenda asubuhi, mgonjwa akishameza anajibu 1. Basi.

Leo nimegundua hitilafu. Mteja akisubirishwa kwenye simu anasikia mluzi wa Fundi, maana muziki wa kununua hatukuuweza. Mluzi ukiisha, simu inakatika. Nimeiandika: si ya haraka.

Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha ni baba yangu. Nilimwingiza mwenyewe, enzi nilipokuwa bado benki, nawasaidia hawa jioni jioni. Nilipoacha benki kabisa, baba alisema neno moja tu: "Ukipata kazi, nijulishe." Tangu hapo kimya, mwaka wa pili huu. Mama akipiga hunipa salamu zake. Najua hakuzituma, lakini nazipokea.

Anajua fika meseji zinatoka kwetu. Angeweza kujiondoa. Hajajiondoa! Kila asubuhi anajibu 1. Anaijibu mashine, sawa, lakini mimi huitazama ile moja kabla ya chai. Leo ipo. Nashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Moja ya baba ipo.

Siku nzima kujaribu meseji. Ili ujaribu lazima uandike kitu. Fundi huandika "jaribio jaribio". Mimi nilichoka zamani na jaribio jaribio. Naandika: "Baba, umekula? Mimi sijambo. Nakukumbuka." Inaenda kwenye simu ya majaribio, ile kuukuu iliyofungwa kwa mpira, inalia ndani ya droo yangu, naifuta. Hakuna anayesoma. Fundi aliwahi kuiona, akaanza kutafuta chaja ambayo alikuwa ameishika mkononi. Huyo ni ndugu.

Alhamisi, 6 Machi

Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Nimetuma meseji ya majaribio. Droo kimya. Badala yake ikalia simu ya Bosi Mdogo, kisha ya Bwana Tai, maana nao wamo kwenye orodha ya wagonjwa, waone meseji zinavyofika. Kisha mwenye saluni, naye ni mgonjwa wa presha, akapaza sauti kutoka chini: "Jamani, nani ananiita baba?"

Imekwenda kwa wagonjwa wote. Wote!

Fundi jana jioni aliufungua mfumo kwenye orodha halisi, akasahau kuurudisha. Mimi nami sikutazama ile alama nyekundu niliyomwomba mwenyewe aiweke. Yeye akasema ni mimi. Nami nikasema ni mimi. Bosi Mdogo akasema mkimaliza kugombea lawama, mtapokea simu hizo.

Majibu yakamiminika. "Mwanangu nimekula, wewe ni yupi kati yenu?" "Mimi ni mama lakini nimekula." Mmoja kapiga anapiga kelele: mkewe ameisoma, sasa anataka kumjua huyo mtoto wa nje! Bwana Tai amezungumza na mke mpaka wakacheka wote watatu. Kumbe ile tai ina kazi.

Mzee mmoja kajibu neno moja: "Sijakula." Bosi Mdogo kalisoma, kachukua mkoba, kaondoka.

Na baba? Upande wake imeandikwa imefika. Imesomwa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna moja.

Yule mzee anaishi peke yake. Alikuwa anameza dawa tumbo tupu, ndiyo maana kizunguzungu hakimwishi. Bosi Mdogo amemfikisha zahanati, na kwa kuwa ameshafika, akamweleza daktari mkuu kosa letu lote, bila kona. Mficha uchi hazai, anasema. Daktari kawaka. Kasema siku mbili hizi simu yao haijapumua. Kasema atafikiri kama tuendelee au tufunge virago.

Nimempa Bosi Mdogo barua yangu ya kuacha kazi. Hakuifungua. Kaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. "Ukiondoka, nani atatuambia tumekosea?" Meza imetulia kweli. Nimelia chooni, kisha nimecheka hukohuko.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna moja.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu mshindo nausubiri mimi.

Nimempigia mama. Anasema baba yako hajambo, dawa anameza, namwona kwa macho yangu. Ila simu kaiweka mfuko wa koti. Anaitoa, anavaa miwani, anaisoma, anairudisha. Nikamuuliza, anasema nini? Mama akasema, hasemi kitu, mwanangu, ila jana kaniuliza kama huko mliko mna madirisha.

Madirisha! Tunayo mawili, mama. Moja linafunguka.

Zahanati wametusamehe. Onyo kali kwa maandishi, na ombi chini yake: lile swali la kula tuliweke kwenye meseji za kila siku, tuondoe tu "Baba". Wauguzi wamegundua wengine kama yule mzee. Bwana Tai kanunua karanga za ofisi nzima. Fundi kabandika alama nyekundu nyingine, kubwa kama sahani. Nimewatazama hawa watu watatu wanavyotafuna, nikasema moyoni, Mungu, hata kama baba hatajibu tena, hukuniacha mikono mitupu. Nikamaanisha. Karibu yote.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna moja asubuhi.

Naandika haya mezani, kazini. Simu ya wateja imelia sasa hivi. Namba naijua kwa kichwa tangu utoto. Nikapokea kama ninavyopokea zote: karibu, nikusaidie nini?

Kikohozi kile.

"Hapo ndipo kwenye meseji za dawa?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mgonjwa wenu wa kwanza. Niliulizwa kama nimekula. Nimejaribu kuandika jibu siku zote hizi, halikai sawa. Nimeona nimwambie mwenyewe aliyeuliza." Akavuta pumzi. "Yupo kazini?"

Kazini. Kasema kazini!

Nami, mjinga wa wajinga, nikamjibu kwa sauti ya ofisi: yupo, tafadhali subiri kwenye laini. Nikabonyeza. Kana kwamba nakwenda kumwita mtu chumba cha pili!

Sasa anasikiliza mluzi. Fundi amesimama, kashika kichwa. Bwana Tai kalegeza tai, mara ya kwanza kumwona. Bosi Mdogo kateremka mbio, na huko chini mashine za nywele zimezimwa zote. Jengo zima limenyamaza kwa ajili yangu.

Sijui nianze na shikamoo au na samahani. Sijui kama nimekula.

Fundi ananionyesha saa, anapunga mikono. Mluzi! Unaelekea mwisho, na ukiisha simu inakatika, na niliandika mwenyewe si ya haraka —