Kijiko Kikubwa Uani kwa Mama Mkwe

Mchumba wangu Yusra,

Salamu zako zimefika, na sie huku Mbagala tu wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo haujambo.

Umeniuliza kuhusu hilo trekta lako dogo: usukani umekuwa mzito, na fundi anataka ufunge mbele kijiko kikubwa zaidi cha kuzolea udongo, umalize kazi upesi. Nitakujibu, ingawa naona haya hata kuandika.

Enzi za ruksa niliponunua trekta la mtumba, mama mkwe aliniomba nimjazie mchanga shimo la uani. Nikafunga kijiko kikubwa, ili ukweni waone binti yao kapata mume wa maana. Usukani ukawa mzito kama huo wako. Badala ya kupunguza mchanga, nikaulazimisha usukani kwa nguvu za mikono. Mbele ya shemeji zangu wote, tairodi inayoshika matairi ya mbele ikachomoka, na trekta likaenda kuangusha ua wa makuti wa bafuni. Mama mkwe alikuwa ndani, anaoga.

Nililalia usukani, macho nimefumba. Nikasikia sauti yake: "Mwanangu, umeumia?"

Wewe funga kile kidogo. Usukani ukilalamika, teremsha mzigo kwanza, halafu kagua tairodi.

Mama mkwe aliishi miaka mingi, wala hakulitaja jambo lile kwa mtu. Kila Idi alinipakulia mie kwanza, nami nikala pilau yake nimeinamia sahani.

Babu yako